Jina Kwenye Ukuta wa Hanyang

Ukuta wa Hanyang una sheria moja ambayo hata mlevi wa mtaa wetu anaijua. Ukijenga kipande chako, unachonga jina lako kwenye jiwe lake. Kipande kikianguka, unaitwa. Uwe umehamia milimani, uwe umezeeka, uwe umeoa mke mwingine ng'ambo ya mito saba, utaitwa tu, na kabla hujagusa nyundo utalazwa kwenye benchi upigwe viboko. Ndiyo maana ukuta wetu umezunguka mji wa mfalme zaidi ya miaka mia tatu, ukipanda mlima na kushuka mlima. Watu wa mikoani husema unasimama kwa baraka za milima minne. Baraka gani! Ni woga, na mimi nausifu woga huo, maana umejenga kitu kizuri kuliko vyote nilivyoviona duniani.

Mimi naitwa Pyo Chilbok, mwashi wa mawe, mzaliwa wa ndani ya Lango la Mashariki. Nasema ndani makusudi. Kuna watu wanaishi hatua tatu nje ya lango wanajiita watu wa Hanyang, nawaacha na ndoto zao.

Mwezi wa saba wa mwaka wa Joka mvua ilinyesha siku kumi na moja bila kupumua. Asubuhi ya siku ya kumi na mbili, watu wakiwa kwenye supu, kipande cha ukuta jirani na matao matano ambamo mto wa mji hupita kwenda nje kililala chini chote. Kuanguka kwenyewe hakukunishangaza. Upande wa mashariki ni bondeni, na udongo wake ni uji. Wazee waliliongezea Lango la Mashariki herufi moja katika jina lake ili kuupa nguvu upande huo mnyonge, jambo la heshima sana, lakini sijapata kuona herufi ikikausha tope. Kilichonikata maini ni jiwe ambalo askari walilitoa kwenye kifusi, wakaliosha, na mmoja wao akasoma kwa sauti: "Fundi mkuu, Tak Munsam."

Mimi ndiye niliyeliweka pale.

Niseme ukweli wangu mapema, nisije nikaonekana mwema bure. Miaka minne nyuma, dhoruba iliangusha msonobari juu ya ukuta kwenye kilima cha Naksan, ukang'oa mawe matatu ya juu. Mwezi huohuo ukuta wa bondeni ukatoboka. Nilipewa kazi zote mbili, na wakubwa walitaka ziishe kabla mfalme hajapita kwenda kwenye makaburi ya mababu zake. Hakuna mwashi aliyetaka jina lake kwenye tope lile. Mimi pia sikutaka. Nikajenga chapuchapu, na ilipofika zamu ya jina nikakumbuka jiwe moja kati ya yale yaliyoanguka kilimani. Lilikuwa jeupe, limechongwa kwa mkono mtulivu, na lina jina tayari, jina la mtu wa miaka thelathini nyuma, kwa maneno ya wazee, ambaye nilidhani keshakufa. Nikalishusha kwa mkokoteni, nikalipanga likitazama nje. Ofisa aliyekuja kukagua alikuwa na haraka kunishinda. Usiku huo nilijiona mjanja, nikanywa mabakuli matatu ya pombe ya mchele.

Kumbe Tak Munsam hakuwa amekufa.

Alifika mwezi wa nane, baada ya mwendo wa siku tisa kutoka mkoa wa kusini. Ofisa Heo, mkuu mpya wa kikosi kinacholinda upande wetu, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa, aliniita. "Chilbok, nyumba yako iko karibu. Mzee atalala kwako mpaka siku ya hukumu. Akitoroka, utalala wewe kwenye benchi."

"Atatoroka vipi, bwana mkubwa? Miguu yenyewe hiyo."

"Nimesema!"

Mzee alikuwa na miaka sitini na sita, mfupi, mabega mapana, na dole gumba la kushoto limebondwa likawa bapa kama letu sote tulioanza kazi kwa papara. Alikuwa amesimama chini ya Lango la Mashariki, shingo nyuma, kofia inataka kudondoka, akitazama ghorofa mbili za paa la vigae na ukuta wa nusu mwezi unaolikinga lango kwa mbele.

"Mzee, funga mdomo," nilimwambia. "Inzi wa mjini hawana adabu."

"Na watu wake?"

"Wanafundishwa na inzi."

Akacheka mpaka akakohoa. Nilitamani awe mtu mkali, mtu wa kuudhi, mchoyo. Akawa mtu wa kucheka. Nilimchukia kidogo kwa hilo.

Nyumbani, mke wangu, Mama Okdan, alimpa supu ya moto na wali, na kimchi, achari ya figili. Binti yetu Okdan ameolewa upande wa Lango la Kusini, kwa hiyo chumba chake kilikuwa kitupu. Mzee alikula taratibu, akamsifu mpishi, akaomba radhi kwa kuleta matope sakafuni. Mke wangu haombwi radhi mara nyingi. Alinitazama jicho la kusema, unaona wanaume wengine walivyo?

Kesho yake alichukua furushi la mzee akafue nguo zake mtoni. Alirudi na beseni halijalowa.

"Baba Okdan, njoo huku."

Alinivuta nyuma ya jikoni, penye magudulia ya mchuzi wa soya, akafungua furushi. Ndani kulikuwa na tindo mbili, nyundo, soksi za pamba, na chini kabisa nguo za katani mpya kabisa, zisizo na kifungo wala pindo. Nguo za maiti.

"Amekuja na sanda yake," alisema. "Viboko thelathini, mzee wa miaka ile. Anajua harudi. Na sikukuu ya mwezi mpevu ni siku nne zijazo, kaburi la mkewe huko kwao halijafyekwa majani. Ameniambia jana. Analia kwa ajili ya majani, Baba Okdan, halii kwa ajili ya mgongo wake." Akafunga furushi kwa hasira. "Huyo aliyejenga vibaya mwenyewe yuko wapi? Mtu mwenye mikono kama ya mzee huyu hajengi ukuta wa kuanguka. Mimi si mwashi, lakini nina macho."

Nikasema mambo ya mvua. Nikasema tope. Nilisema mengi sana, na mke wangu aliponitazama nikaenda kupasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Hukumu ilipangwa siku ya kumi na tatu. Siku ya kumi na mbili, alfajiri kabla ya kengele, mzee aliniomba jambo moja. "Nilijenga hapa nikiwa na miaka thelathini na sita, lakini sikuwahi kuuzunguka ukuta wote. Tulikuwa hatupewi nafasi. Nasikia ukiuzunguka kwa siku moja, bila kulala njiani, ombi lako linakubaliwa."

"Hayo ni ya wanafunzi wanaotafuta kufaulu mitihani, mzee. Nusu yao wanafeli na malengelenge juu."

"Basi na mimi nina mtihani kesho."

Ningemkatalia vipi? Kengele kubwa ya katikati ya mji ilipopigwa mara thelathini na tatu na malango yakafunguliwa, tulikuwa tayari juu ya ukuta. Mimi nimeishi hapa miaka arobaini na nne na siku ile niliona mji wangu upya, kwa macho ya mtu aliyedhani anauona kwa mara ya mwisho. Sikupenda. Lakini niliona.

Mzee hakutazama kama wageni wanavyotazama. Wageni hutazama paa. Yeye alitazama chini, mahali jiwe linapokaa juu ya jiwe. Kila tulipopita aliniambia: haya madogo yasiyo na umbo ni ya babu wa kwanza kabisa, walikuwa na haraka, haya yaliyoviringika pembeni kama punje za mahindi ni ya wajukuu zao, haya ya mraba ni ya wakati wetu. Alizigusa karne zote kwa kiganja kimoja. Kwenye mlima wa kusini tulikaa kupumzika karibu na minara ya moto. Nguzo moja tu ya moshi ilikuwa inapanda, maana yake nchi ina amani.

"Moshi huu umetoka pwani," alisema mzee. "Kilele kimeona kilele, kikawasha. Mwanzo wake nimeuona mimi kijijini kwetu, na mwisho wake ndio huu. Maisha yangu yote nimekuwa nikiangalia mwanzo tu wa habari."

Tukashuka hadi Lango la Kusini, ambalo bango lake limesimamishwa wima badala ya kulazwa, ili liuzuie moto ambao wazee husema unatoka kwenye mlima ulio mbele yake. Mzee aliinama mbele ya lango lile kama anavyoinamiwa mkwe. Wachuuzi wa samaki wakavu walimcheka. Hakujali. Tukapita Lango la Magharibi, tukaupanda mlima wa Inwang wenye mwamba mweupe, mwanafunzi mmoja mnene akihema nyuma yetu na kumtukana baba yake aliyemtuma. Pale juu mji wote ulikuwa mikononi mwetu: mapaa ya majani na ya vigae, moshi wa jikoni, mto ukikata katikati, majumba ya mfalme, na lile jumba kuu la zamani lililoungua wakati wa vita na Wajapani, ambalo hakuna aliyelijenga tena. Misonobari imeota kwenye vyumba vya wafalme.

"Mbao zote zimekwisha," alisema mzee, "lakini tazama ngazi. Tazama misingi ya nguzo. Waashi wale wamekufa miaka mia tatu, na ukiwaita leo hawana cha kujibu. Hawakukosea." Machozi yalikuwa yanamtoka naye anatabasamu. "Chilbok, kijana wangu, umezaliwa mahali pazuri kweli."

Nilikuwa sijawahi kuambiwa hivyo. Kwetu sisi mji ni matope, ushuru na majirani. Nilijivuna na kujidharau kwa pumzi moja.

Upande wa kaskazini lango limefungwa siku zote. "Wanasema likifunguliwa, wake za mji wanaharibika," nilimweleza, nikijaribu kuchangamka.

"Na waume?"

"Hao hawangoji lango."

Jua lilikuwa limeanza kushuka tulipofika Naksan. Nilikuwa nimeomba kimoyomoyo Ofisa Heo apate kuhara kwa mwezi mzima, na hilo ndilo ombi langu la kuuzunguka ukuta, nisamehewe. Mzee akapunguza mwendo. Hapo palikuwa pake, hatua sitini za ukuta, na sijaona hatua sitini nzuri kama zile. Huwezi kuingiza unyasi kati ya jiwe na jiwe. Nimepita hapo mara elfu, na mara moja nimeutengeneza kwa mikono yangu, na sikuwahi kuutazama. Alitembea akiuburuza mkono juu yake mpaka mkono ukasimama.

Mawe matatu ya juu yalikuwa ya rangi ya majivu. Kazi yangu.

"Nani alitengeneza hapa?"

"Sijui, mzee. Ni zamani."

"Zamani," alisema. Alipitisha ukucha kwenye mistari ya tindo juu ya jiwe la kijivu. Kila mstari ulikuwa na mkwaruzo mdogo upande wa kulia. Kisha akatazama kiunoni mwangu, penye tindo yangu yenye pengo pembeni. Hakutazama kwa muda mrefu. "Huyo fundi wa zamani angeinoa tindo yake," alisema. "Twende, mkeo anatungoja."

Akatangulia kushuka, kiganja bado juu ya ukuta. Alikuwa ameelewa kila kitu: kwamba jiwe lake lilitolewa huku juu likapelekwa topeni, na nani alilipeleka. Nilingoja atamke. Alimsalimia mke wangu, akala, akasifu chakula, akalala. Mimi sikupata hata lepe la usingizi.

Asubuhi tulisimama mbele ya kifusi. Ofisa Heo aliketi kwenye kiti chini ya mwavuli, askari wawili na fimbo zao bapa, benchi katikati. Watu wa mtaa walijaa. Hakuna burudani ya bure wanayoikosa. Mke wangu alikuwa mbele, mikono kifuani.

"Tak Munsam. Jiwe hili ni lako?"

"Ni langu, bwana mkubwa."

"Una la kusema?"

Hapo ndipo. Neno moja lingemtosha. Angesema, nendeni Naksan mkaone mahali lilipotoka. Mzee alitazama matao ya mto, akatazama kifusi, hakunitazama mimi.

"Jina langu limeitwa, nimekuja," alisema. Akavua kofia, akaikabidhi kwa mke wangu. Akavua koti, akalikunja vizuri, ncha kwa ncha, kama anayetarajia mtu mwingine atalivaa. Akaanza kulala kwenye benchi, taratibu, akishika goti.

"Kazi ni yangu!"

Sauti ilitoka nyembamba, si sauti ninayoipenda. Watu wote wakageuka.

"Nini?" alifoka Ofisa Heo. "Chilbok, umelewa asubuhi hii?"

"Sijalewa, bwana mkubwa. Jiwe ni lake, ukuta ni wangu. Nilijenga mimi miaka minne iliyopita. Jiwe nililitoa kilimani, kwenye kipande chake. Kile kimesimama, nendeni mkakione. Niliogopa kuweka jina langu, nikaweka la kwake. Nilidhani amekufa."

Mzee akainuka kwenye benchi kwa kasi ambayo sikuitarajia, akanijia, na nikafikiri atanikumbatia. Akanizaba kofi.

"Ulipiga magogo chini?"

"Mzee..."

"Magogo ya msonobari! Ya ncha! Ulipiga mangapi?"

"Sikupiga."

"Kokoto? Mkaa?"

"Kidogo."

"Kidogo! Umelilaza jiwe langu kwenye tope tupu, kama nguruwe!" Akamgeukia ofisa. "Bwana mkubwa, mpige huyu. Mpige sana. Lakini mwachie mikono, nina kazi nayo."

Watu waliangua kicheko, hata askari. Ofisa Heo hakucheka. Alihukumu viboko thelathini vya ukuta na kumi vya uongo. Sitavielezea. Nitasema tu kwamba kuanzia cha kumi na tano nilimwita mama yangu, na mtaa mzima unanikumbusha hadi leo.

Siku ya sikukuu nilikuwa nimelala kifudifudi. Mke wangu hakuwa amesema nami neno tangu hukumu. Alipanga meza ya mababu, keki za mchele za nusu mwezi na matunda mapya, na pembeni ya ubani uliokuwa ukifuka akaweka bakuli moja la ziada. "La mkeo, mzee," alisema. "Umwite hapa, atakuja tu. Njia ya moshi ni moja." Mzee akainama mara mbili mbele ya bakuli lile na kulia kwa sauti, na mimi nikalia kwenye mto wangu. Nilikuwa nimemnyima kaburi la mkewe, na nilikuwa karibu kumpa lake.

"Mzee," nilimwambia baadaye, "kwa nini hukusema? Ulijua tangu Naksan."

"Nilikuwa nakungoja."

"Na kama ningenyamaza?"

"Ningekufa nikikungoja, mpumbavu wewe."

Angeweza kuondoka siku ile. Kila jioni alisema kesho naenda zangu, na kila asubuhi alikuwa bondeni kabla yangu akipiga kelele. Tulichimba mpaka maji yakatufika kiunoni. Tulipiga magogo mia mbili na kumi ya msonobari, tukamwaga mkaa na kokoto, tukashindilia, akasema bado, tukashindilia tena. Jiwe lake tulilirudisha Naksan kwa mabega ya watu wanne, kwa sababu alikataa mkokoteni. Alilikalisha mwenyewe mahali pake na kulipigapiga kwa kiganja.

Mwezi wa kumi, baridi ya kwanza ikianza kuuma masikio, likabaki jiwe moja. Mimi sijui kuandika. Mzee alichukua kipande cha mkaa akanichorea jina langu juu yake, herufi tatu kubwa, Pyo Chilbok, akarudi nyuma akaketi. Tindo nilikuwa nimeinoa. Nimechonga mawe tangu utotoni, na sijawahi kwenda polepole kama pale. Nilichonga mpaka mchana, mtaa wote ukipita na kutoa maoni, kwamba herufi ya pili imepinda, kwamba mamangu anaitwa nani vile.

Mke wangu alikuja na supu. Aliliangalia jiwe likiwa limekwisha kukaa ukutani, akapitisha kidole ndani ya kila herufi, ingawa naye hajui kusoma. Ilikuwa karibu miezi miwili hajanitazama usoni.

"Haya, Baba Okdan," alisema, akanipa bakuli. "Sasa ukuta ukianguka, wanajua mlango wa kubisha."